Nkejje na swali la mjomba

Tulikuwa Ggaba, kando ya Ziwa Viktoria, tukinunua nkejje wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Mjomba, aliyejua nabishana na shehe kuhusu mageuzi ya viumbe, akaniuliza, "Hayo mageuzi yenu yanaeleza kila kitu?"

La, mjomba. Yanaeleza vizuri sana kwa nini Ziwa Viktoria, lililokauka miaka kama 15,000 iliyopita, lilikuja kuwa na spishi karibu 500 za jamaa wa nkejje kabla sangara hajawamaliza wengi: wengine hukwangua mwani, wengine huvunja konokono, wengine hunyofoa magamba ya wenzao (adabu hawana!). Lakini uhai wenyewe ulianzaje? Hilo ni la wanakemia, na bado wanahangaika nalo. Na kama Mungu yupo au hayupo, nadharia hii haisemi ndiyo wala siyo.

"Sasa wewe na shehe mnagombania nini?"

Nikalipia samaki.