Kusomea sauti Naliendele

Kila nikisema naenda kwa mwalimu wa sauti watu wanashangaa, si unaimba kwaya tangu mdogo we, sa unasomea nini tena? Naelewa wanachouliza. Huku kwetu mtu akishajua kushika sauti yake kwenye solfa, zile nota za do re mi, basi ameiva, anavaa joho anaenda mbele. Na kwaya imenifundisha mengi kwa kweli, kusoma nota, kusikilizana na wenzangu, kuingia kwa wakati. Lakini mwalimu wa kwaya ana kundi zima mbele yake na misa ni Jumapili, atapata wapi muda wa kuja kukuangalia wewe wa mstari wa nyuma taya lako linafanya nini ukifika nota za juu.

Tatizo la kuimba ni kwamba chombo chenyewe kiko ndani yako. Mpiga gitaa anaona vidole vyake. Mwimbaji haoni kitu, alafu hata kujisikia hajisikii vizuri, manake sauti yako mwenyewe inakufikia kwa njia mbili, ya hewani na ile inayopita kwenye mifupa ya kichwa, ndo maana ukisikiliza rekodi yako kwenye simu unabisha kabisa kwamba siyo wewe. Mi naweza kutoa sauti nzito nikaona leo nimejaza nyumba, Mwalimu anasema hiyo imebaki mdomoni mwako. Nikitoa kengine ambako mimi nakaona kembamba, kakali, hakana utamu, ananyanyuka kwenye kiti, "Hiyo hapo! Rudia hiyo hiyo, mwanangu." Sa bila sikio la mtu mwingine ningejuaje?

Mwalimu ni mzee mstaafu, muziki kaupata kwa wamisionari wa Ndanda wale Wabenedikto, anakaa Naliendele, nje ya mji wa Mtwara, nyumba imezungukwa na mikorosho. Nachukua boda toka mjini, nafika, shikamoo, marahaba, maji ya kunywa, alafu hatuimbi. Tunaanza chini. Nalala kwenye mkeka, kitabu juu ya tumbo, navuta hewa kitabu kinapanda, alafu naitoa kwa "sss" taratibu huku mbavu zikibaki wazi, zisidondoke mapema. Waitaliano wanaita apojo. Inaonekana kitu kidogo ila jaribu uone hewa inavyotaka kukimbia yote kwa mkupuo.

Akishaona pumzi imetulia ndo anatoa nota. Umeme ukiwepo kinanda, umeme ukikatika anagonga kile kichuma cha uma kinachotoa nota ya la, mitetemo 440 kwa sekunde. Mimi naimba tena, ile sauti ya juu ya wanaume, nikiishika la ya chini yake nyuzi za sauti kooni zinafunguka na kufunga mara 220 kila sekunde, na Mwalimu anapenda kunikumbusha hilo kila nikitaka kulazimisha, anasema hivyo ni vijinyama vidogo, urefu wake ni milimita tu, havitaki ubabe.

Zoezi nalolipenda ni la ng'. Unashika ng' ile ya ng'ombe, ya ng'ambo, mdomo wazi kidogo, ulimi nyuma umegusa juu, unasikia inawasha puani na mashavuni, alafu unafungua polepole ng'aaaa bila kupoteza ule muwasho. Wazungu nao wanalifanya sana hili ila kwao sauti hiyo inakaa mwisho wa neno, sisi tunaianzia neno kabisa, toka utotoni. Na irabu zetu tano zimenyooka, a e i o u, hazipindi katikati, silabi zetu nyingi zinaishia kwenye irabu, yaani nyimbo za Kiitaliano zinakaa mdomoni mwa Mswahili vizuri mno. Mi naamini kabisa watu wa Pwani tunayo sauti ya uimbaji huu, tumekosa tu wa kutunoa.

Kazi ngumu kwangu iko pale katikati, wanapaita pasajio, kwa tena ni maeneo ya mi mpaka sol juu ya do ya kati. Hapo ndipo kwenye kwaya wote tunapiga kelele, shingo inatoka mishipa. Chukua neno Bwana likiangukia fa ya juu, ile a yetu ikiwa wazi vile vile kama ya kuongea inageuka ukelele. Mwalimu anataka niielekeze kwenye o kidogo, bila kuifikisha, koo lishuke, taya lilegee, na pumzi niipunguze. Niipunguze! Mwili wote unataka kusukuma. Ikikubali lakini, unasikia sauti imepita juu yenyewe na dirisha linaitikia. Kuna mtafiti wa Sweden, Johan Sundberg, alieleza kwenye miaka ya 1970 kwamba waimbaji waliofundishwa wanakusanya nguvu ya sauti kwenye mitetemo kama 3,000 hivi kwa sekunde, sehemu ambayo okestra haina nguvu sana na sikio la binadamu linaisikia vizuri, ndo maana mtu mmoja anasikika juu ya vyombo vyote bila maiki.

Kitu kingine alichonipa Mwalimu ni kusikiliza adhana. Yeye Mkatoliki wa kanisani kila siku, ila ananiambia alfajiri ukiamka mapema msikilize muadhini, sikia anavuta wapi hewa, sikia anavyoubeba mstari mrefu mpaka mwisho haujachoka. Nimeanza kuhesabu naye pumzi nikiwa kitandani, na nakwambia wale watu wana mbavu.

Miezi ya kupuliza salfa kwenye mikorosho ndo kazi inakuwa nzito. Ule unga unaelea asubuhi, unaingia puani, koo linakauka linakwaruza. Hapo Mwalimu hanipi nota za juu kabisa, ananipa mrija na chupa ya maji, naimba ndani ya mrija mapovu yanachemka, dakika chache tu koo limelainika. Siku nyingine ananifungia kabisa kuimba. Ananitajia Manuel García, mwalimu wa uimbaji aliyejitazama koo lake mwenyewe kwa vioo na mwanga wa jua mwaka 1854, huyo huyo aliyempokea Jenny Lind wa Sweden mwaka 1841 sauti ikiwa imechoka hoi, akamwambia kwanza nyamaza, wiki kadhaa hakuna kuimba, ndo wakaanza upya. Jenny Lind akaja kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa karne ile.

Kwa sasa tuko kwenye fa. Fa inakaa siku nyingi, fa diezi, ile ya nusu hatua juu yake, inakuja inakimbia, na Mwalimu kasema wimbo mpya wa Kiitaliano hanipi mpaka zikae zote mbili nikiwa nimesimama wima, taya limelala, na hata mishipa ya shingo haionekani.