Redio ya rafu ya juu

Kila anayeingia kibandani kwangu hapa Kaptembwo, Nakuru, kuchukua TV yake huuliza ile redio ya rafu ya juu ni bei gani. Hakuna anayeuliza inafanya kazi gani. Ni redio koli ya mezani, CB ya Kimarekani, yaani ya mazungumzo ya raia wa kawaida, ya miaka ya 1980, modeli iliyoacha kutengenezwa zamani. Ubavu wake una rangi ya mbao, usoni kuna mita mbili za sindano zinazowaka njano, saa ya tarakimu upande mmoja, na upande wa pili namba nyekundu za masafa. Kila kazi ina nobu yake, na hakuna cha menyu. Nimefungua redio koli nyingi za walinzi, na sijawahi kuona hata moja ya kufutwa vumbi kwa hiari.

Mimi namba za masafa ndizo zilizonikamata. Chaneli ya 1 inasoma megahezi 26.965, ya 40 inasoma 27.405. Sasa panda polepole mpaka ya 22: 27.225. Ya 23 inaruka hadi 27.255, ya 24 inarudi nyuma 27.235, ya 25 inasoma 27.245, halafu ya 26 safari inaendelea. Si ugonjwa. Marekani ilikuwa na chaneli 23 tu hadi 1977. Zilipoongezwa kufika 40, mbili za mpya zilipachikwa kwenye pengo lililokuwa chini ya ile ya 23.

Saa nayo ni kituko. Inahesabu mapigo ya stima, na stima ya Marekani inapiga mara 60 kwa sekunde, yetu 50. Transfoma ya kushusha volti 240 ziwe 120 haigusi mapigo hayo. Kwa hiyo kila saa moja inapopita, yenyewe inachelewa dakika kumi, na siku nzima ikiisha imehesabu saa 20. Wateja wanasema ndiyo saa ninayotumia kuwaahidi kazi.

Hapo simlaumu mtengenezaji, hakuwa anaiuzia Nakuru. Lawama yangu iko ndani. Transfoma na regyuleta, kile kinachoshikilia volti zisiyumbe, vimebanwa jirani kabisa na kristali zinazoshikilia masafa, halafu vyote vikafungiwa kwenye boksi moja lenye matundu machache. Na transfoma ya hezi 60 ukiilisha hezi 50 inapata moto zaidi. Ukisikiliza AM hutajua kitu. Balaa ni SSB, ule mtindo wa kurusha upande mmoja wa mawimbi bila wimbi la katikati. Joto likihamisha masafa kwa hezi mia moja tu, mzee mwenye sauti nzito anaanza kuongea kama bata. Nashika klarifaya, nobu ya kurekebisha masafa kidogo kidogo, nasogeza unywele mmoja, anarudi kuwa mtu. Chai haijapoa, kahama tena. Na klarifaya yenyewe inasogeza usikivu tu, kwa sababu sheria za kule hazikutaka mwananchi asogeze masafa ya kurusha.

Kihesabu cha masafa, zile namba nyekundu, nacho kinavujisha kelele. Kuna chaneli zina mluzi mwembamba usiokwisha, ila nikichomoa waya wake mluzi unakatika papo hapo. Yaani urembo wa mbele ndio unaoharibu kazi ya nyuma. Aliyeichora aliwaza dirisha la duka: saa, kihesabu na pawa saplai vyote viingie, mteja achomeke ukutani basi.

Nilivyoipata ni hadithi fupi. Ilitoka nyumba ya shamba upande wa Njoro, nikaambiwa imekufa. Taa zinawaka, spika kimya. Kumbe maiki ndiyo haikuwepo. Redio nyingi za enzi hizo waya wa spika unapitia kwenye swichi ya maiki, hivyo bila maiki hakuna sauti. Nikaunganisha pini mbili kwa kipande cha waya, ikaanza kuvuma.

Mimi nasikiliza tu, maana kurusha kunataka leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano na sina. Antena ni waya wa mita 5.3, umekatwa katikati, umevutwa juu ya mabati. Tangu shughuli za jua zifike kilele chake 2024, masafa haya yanaruka mbali. Jioni welda wa jirani akizima mashine, Waitaliano wanajaa kibanda kizima. Waingereza siwapati vizuri, kwao CB iliruhusiwa 1981 kwa FM, na hii haina FM. Wapenzi wa SSB wa masafa marefu nao hukutana 27.555, juu ya chaneli ya mwisho, kwa hiyo hao nawasoma tu kwenye mtandao.

Nimeamua transfoma itoke. Nitailisha volti 13.8 kutoka nje, kristali zipumue. Lakini stima ikitoka humo, saa haitakuwa na cha kuhesabu, itazima. Na kuna mteja wa mtaa wa Section 58 amenipa bei nzuri sana, kwa sharti saa iwe inawaka. Nimemweleza habari ya joto, ya kristali, ya SSB. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza kama taa za mita pia zitabaki.