Mashine yangu ya kusaga ilivyopona umeme mdogo

Mashine yangu iko mwisho kabisa wa laini, kama mita 800 kutoka kwenye transfoma, mota ni ya hospawa 20 njia tatu, yani inatumia fezi tatu (nyaya tatu za moto). Ikifika saa moja jioni watu wakiwasha vitu vyao mota inaanza kuunguruma vibaya, inachemka, ovalodi (kifaa kinachokata umeme mota ikizidiwa) inakata. Fundi akanishauri nipandishe tu ile ovalodi, nikapandisha, baada ya wiki 2 mota ikaungua nikalipia kuisuka upya nyaya za ndani. Jamani msifanye hivyo, ovalodi ikikata inakuambia kitu.

Baadae nikanunua mita ya kupimia nikaanza kuandika kwenye daftari asubuhi, mchana na jioni. Dukani karibu na transfoma fezi moja ilikuwa volti 235, kwangu jioni 190, na fezi kwa fezi 330 badala ya 400. Mota inabeba kazi ileile, sasa volti zikishuka inavuta ampea nyingi zaidi, na ampea zikizidi waya nao unakula volti zaidi huko njiani, ndo maana inachemka.

Nikapeleka daftari ofisi ya umeme. Wakaja wakakuta nyumba nyingi zimerundikwa fezi moja, wakazigawa, nikapata kama 350. Afadhali ila haitoshi. Huku nasubiri dawa ya kudumu nikafunga stata ya sta-delta (inayoanzisha mota kwa volti ndogo kwanza) maana ile ya kuwasha moja kwa moja mota inavuta kama mara 6 ya kawaida na taa za majirani zinafifia wote wanajua nimewasha. Pia nawasha mashine tupu, mahindi baadae. Hiyo inasaidia wakati wa kuwasha tu, ikishakimbia volti ni zilezile.

Dawa yenyewe ilikuwa laini kubwa ya kilovolti 33 inayopita nyuma ya mashine kwenda kijiji cha pili, yani karibu kabisa na mimi. Nikaomba transfoma ya kVA 50 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa transfoma) iwekwe hapo. Hebu angalia, kVA 50 kwa volti 400 ni ampea 72, kwa kilovolti 33 haifiki hata ampea 1, kwahiyo umeme unasafiri mbali bila kupotea sana, unashushwa mlangoni kwako.

Nilisubiri miezi mingi na kufatilia sana, lakini imefungwa. Jana saa moja jioni mashine imejaa mahindi, nikapima, 394. Mota nimeishika kwa mkono, ina joto la kawaida tu.