Mteja Aliposalimu Amri

Rasimu ya mkataba wa bima ya maisha tuliyoletewa tuihariri ilikuwa na sentensi hii: "Mteja akisalimu amri baada ya miaka 3, atalipwa thamani yake." Chumba kizima kilicheka. Mfasiri wa kwanza alikutana na kitenzi "surrender", akafungua kamusi, akachukua maana ya vitani.

"Mzee, si ndivyo kamusi inavyosema?" kijana wetu mmoja akauliza.

"Kamusi haina kosa," mhariri wetu akajibu. "Tazama yambwa, yaani kinachotendwa. Kinachotolewa hapo ni mtu au kitu?"

Mhariri wetu alisomea sheria kabla ya kuhamia kwenye tafsiri, na siku hiyo alilichimba neno hadi mizizini. Waingereza walilirithi kutoka Kifaransa cha kale, lugha iliyotawala mahakama zao baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi mwaka 1066. Ndani yake mna rendre, na nyuma ya rendre kuna Kilatini reddere, yaani kurudisha. Katika karne ya 15 lilikuwa neno la ardhi: mpangaji anamrudishia mwenye milki haki aliyopewa, muda ukiwa haujaisha. Mtu kujitoa mwenyewe mikononi mwa adui ni matumizi yaliyokuja baadaye, karne ya 16.

Sheria ya pango ya Kiingereza haijaiacha maana ile ya kale. Haki hurudi kwa aliyeitoa tu. Ukimpa mtu wa tatu, huko ni kuhamisha pango, habari nyingine kabisa. Na mwenye nyumba sharti aridhie. Hapo ndipo wengi huumia: mpangaji anamwachia mlinzi funguo, anahama, anadhani yamekwisha, kumbe kodi inaendelea kuhesabiwa kwa kuwa mwenye nyumba hajakubali kwa maandishi wala kwa kitendo, kama vile kumpangisha mwingine.

Bima nayo hivyohivyo. Mwenye bima anairudisha hati kwa kampuni kabla haijaiva, yaani kabla ya muda wake kutimia, mkataba unakufa, naye analipwa kilichojengeka baada ya kukatwa mkopo wowote aliouchukua kwa dhamana ya bima hiyo. Miaka ya mwanzo mara nyingi haambulii kitu, maana michango ya awali huliwa na kamisheni ya wakala na gharama za kuandikisha. Bima iliyolala kwa kutolipiwa ina nafuu, kwani huweza kuhuishwa ndani ya muda uliowekwa. Iliyorudishwa hairudi.

Tukaandika "akisalimisha bima". Kijana hakuridhika: salimu na salimisha si ndugu?

"Ndugu kabisa, mama yao Kiarabu, na kwa Waarabu sallama ni kukabidhi pia. Ila huyu anakabidhi karatasi, hanyooshi mikono."

Kazi ikahamia kwenye jedwali. Safu ya "Thamani ya Kusalimisha", mwaka wa kwanza na wa pili: sifuri.