Nani ataifungua hiyo taarifa?

Jana nimelala saa saba usiku. Mapendekezo tisa, yote yanataka kuingia kwenye mwongozo wetu wa mifumo ya afya kusomana. Leo asubuhi tumekaa watu sita kuyachuja. Kwamba tutatumia FHIR, utaratibu wa shirika la HL7 wa mifumo ya afya kupeana taarifa, toleo la R4, hilo lilishapita. Ugomvi ni tuanze na lipi.

Lililokuja na picha za rangi ni la dashibodi: vitanda, dawa na wagonjwa, vyote vionekane papo hapo. Nimelisoma mara mbili nikimtafuta mtu ndani yake. Kuna "wadau", kuna "watoa maamuzi", ila hakuna anayeamka asubuhi, akaiona hiyo namba, akafanya kitu ambacho jana hakukifanya. Na namba za kila mwezi tayari zinatoka kwenye vitabu vya MTUHA, vile vya takwimu za kituo, kwenda DHIS2, mfumo wa kompyuta unaozikusanya. Nikaliruka.

La sista wa wodi ya wazazi lilikuwa nusu ukurasa. Akimpa mama rufaa anamwandikia barua, na huko aendako mama anatobolewa upya: kundi la damu, wingi wa damu, VVU. Ameandika hivi: "Majibu yapo kwenye karatasi, karatasi ipo kwenye mkoba, mkoba umebaki kwa wifi yake." Nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Humo mna kila ninachokitafuta. Anayetuma yupo, anayepokea yupo, na kitu chenyewe ni kidogo: mgonjwa, vipimo vitatu, ombi la huduma. FHIR ina mahali pa vyote hivyo bila sisi kubuni chochote.

Jasho lilitutoka kwenye tarehe ya kuzaliwa. FHIR inakubali mwaka mtupu, 1987 basi, au mwaka na mwezi. Mfumo wa mapokezi haukubali. Usipojaza na siku, hausogei. Dirisha lile nimelikalia miaka miwili. Bibi anakwambia alizaliwa mwaka wa mvua kubwa, nyuma yake foleni imefika getini. Unakisia mwaka, unaandika tarehe 1 Januari, unaita mwingine. Leo tulipofungua rekodi za majaribio, Januari mosi zilikuwa zimejipanga ukurasa mzima, na baadhi naapa ningeweza kuziandika mimi. Tukizituma hivyo zilivyo, upande wa pili utaziamini. Asha Juma wawili wa kata moja watageuka mtu mmoja, mwenye kundi moja la damu.

Saa nayo ina vituko vyake, maana kadi inasema saa 3 na mashine inataka 09:00 yenye +03:00 mkiani. Hiyo tuliimaliza kwa dakika tano.

Kijana wetu wa seva alitaka jina la balozi wa nyumba kumi liondolewe kwenye anwani. Hoja yake ni kanuni ya wenyewe FHIR: kwenye msingi kiingie kile tu ambacho mifumo mingi, kama asilimia 80, inakitumia. Ni kweli, na ndiyo maana wakaweka viendelezi, yaani nafasi za kuongeza vya kwako, kwa yaliyobaki. Kijijini hakuna namba ya nyumba. Bila balozi mama humpati. Limebaki, kama kiendelezi.

Basi la rufaa ndilo la kwanza, la chanjo linafuata, dashibodi itasubiri. Mzee aliyeileta hakufurahi, aliondoka kabla ya chai.

Jioni nilimpigia sista. Nikamweleza kwamba tarehe ya kukisia iandikwe mwaka tu, siku na mwezi viachwe.

"Niviache vipi, kaka, na kitufe cha kuhifadhi hakiwaki mpaka nivijaze?"

Sikuwa na jibu. Kesho naanzia kwa waliotengeneza ile fomu.