Mapovu ya sabuni

Mwanangu alipofikisha miaka miwili na nusu alikuwa na maneno manne tu: mama, baba, maji na "brum", yaani bajaji. Bibi yake akasema akakatwe udata, ule utando wa chini ya ulimi. Jirani akasema kimeo. Wengine wakasema watoto wa kiume huchelewa, mbona hata baba yake alichelewa. Nikangoja miezi mitano kwa maneno hayo, na miezi hiyo inaniuma hadi leo. Mtoto wa miaka miwili anatarajiwa kuwa na maneno kama 50 na kuanza kuunga mawili: mama njoo, taka maji.

Tulianzia kwenye masikio, hospitali ya Muhimbili. Nilibisha: mbona akisikia honi anakimbilia dirishani! Daktari akanieleza kwamba mtoto anaweza kusikia honi vizuri na bado zikampita s, f na sh, kwa kuwa ni sauti nyembamba. Akapimwa, masikio yako salama. Ulimi nao ukaangaliwa, hauna tatizo. Kimeo sikukubali kabisa, kukata kimeo hakumfundishi mtoto kusema, na watoto huvuja damu na kupata maambukizi kwa nyembe zile.

Sasa kumtafuta mtu wa spichi, yaani mtaalamu wa tiba ya usemi. Nchini ni wachache mno, kwa hiyo ni kuulizana na akina mama wenzako. Wa kwanza niliyempata alinikalisha nje kwenye benchi, mlango ukafungwa dakika 40, nikalipa shilingi 50,000. Mwezi wa pili nikaomba kuingia. Nikakuta kadi za tufaha na mtu wa theluji, zote kwa Kiingereza! Kwetu Tabata hakuna anayezungumza na mtoto kwa Kiingereza. Nilipouliza, nikaambiwa Kiswahili kitamchanganya. Nilirudi nyumbani nalia. Baadaye nikajifunza kwamba hata watoto wanaolelewa kwa lugha mbili hawacheleweshwi kusema na lugha hizo mbili.

Wa pili, dada mmoja, alitandika mkeka sakafuni. "Mama, kaa hapa," akasema, "mimi niko naye siku moja kwa wiki, wewe unazo sita." Akauliza mtoto anapenda nini, anakula nini, nani anashinda naye. Kisha akatoa kichupa cha mapovu ya sabuni, akapuliza, mtoto akacheka na kuyakimbiza. Akakifunga kwa nguvu, akampa. Mwanangu akahangaika na kifuniko, akamrudishia. "Fungua," dada akasema taratibu, halafu akanyamaza. Mimi nilishaanza kunyoosha mkono nimsaidie, akanizuia kwa macho. Tukangoja. Mtoto akamtazama mdomoni, akasema: "Ngua."

Kwa kweli nilikuwa namwahi kila kitu. Akinyoosha kidole kwenye jagi, maji yameshafika. Siku hizi karanga zake ziko kwenye kopo lililokazwa, nasema neno mara moja, nahesabu moyoni hadi kumi. Kumi ni ndefu jamani, hasa mtoto anapoanza kununa.

Mama mwenzangu akinipigia kuulizia, namwambia amuulize mtaalamu kabla ya kulipa: umesomea wapi tiba ya usemi, nitaruhusiwa kukaa ndani, utatumia Kiswahili, na nyumbani nifanye nini wiki hii? Hilo la mwisho ndilo naliamini zaidi. Anayekosa jibu lake, muage kwa heshima.

Sasa ana miaka mitatu na miezi minne. Kuku anaita "tutu", na dada amesema tusimsahihishe kwanza, maneno yaongezeke, k itafuata. Juzi tumetoka kliniki, daladala imejaa, nami nimesimama nimembeba. Tulipokaribia Tabata Bima nikavuta pumzi nimwite konda, mtoto akaniwahi.

"Susa!"

Konda akagonga bodi mara mbili, gari likasimama.