Makombe ya Tendaguru

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita tulipokwenda kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Nilichokifuata mimi ni mjusi, yule dinosaria mkubwa. Mtoto gani wa Lindi hajasikia habari zake: mifupa iliyochimbwa na Wajerumani toka 1909 hadi 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini kwetu, na sasa imesimama Berlin?

Mashimo yenyewe yalikuwa yamemezwa na vichaka. Mzee aliyetuongoza alitupitisha kwenye korongo, akasimama, akagonga jiwe kwa ncha ya panga.

“Na haya uyatazame, mjukuu wangu. Watu huyaruka.”

Jiwe la mchanga lilijaa makombe. Makubwa, mazito, ya pembetatu, yana matuta yaliyofuatana kama ya shamba la muhogo, na kufika upande wa nyuma matuta hayo yanabadili mwendo kabisa. Nimekulia pwani, maji yakipwa nafuatana na shangazi kuokota chaza na tondo. Kombe la namna hii sikuwahi kuliona, na bahari tulikuwa tumeiacha mbali nyuma yetu.

Mwalimu wa jiolojia tuliyefuatana naye akapiga magoti. Wataalamu wa mwanzo waliliita Trigonia, akasema. Siku hizi ni Indotrigonia africana. Miaka kama milioni 150 iliyopita bahari ya kina kifupi ilifunika hapa, ikaondoka, ikarudi tena. Ndiyo maana tabaka za mifupa zinapishana na tabaka za makombe. Mifupa ni ya wanyama wa nchi kavu. Kombe lilikuwa mwenyeji wa bahari hiyo, limejichimbia mchangani kwa mguu wake.

“Nduguye yuko Kachi, India,” akaongeza. Enzi hizo India ilikuwa jirani yetu, kando ya bahari hiyo hiyo.

Hapo nikasisimka mwili mzima. Kachi! Kwetu pwani kuna familia ambazo babu zao walitoka huko kwa majahazi, nasi tukidhani wao ndio wa kwanza kuunganisha pwani hizi mbili. Nilibaki nikipapasa matuta yale hata wenzangu wakaniita mara kadhaa.

Wanaodai mjusi arudishwe, nami nadai pamoja nao. Ila likijengwa jumba la kumweka Lindi, naomba jiwe moja la makombe likae mlangoni, watoto waanze na bahari kabla ya kufika kwenye mifupa.